Globu kuukuu za stoo: zitupwe, zipakwe vanishi, au zirudi darasani?

"Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Moshi mjini. Tulipokuwa tunasafisha stoo tumekuta globu mbili za zamani, kila moja ina kipenyo cha sentimita 30 hivi. Moja ni ya Dunia: imeandikwa Tanganyika, imezungukwa na pete ya shaba, na stendi yake ya mbao ina duara pana lililojaa miezi na alama za Kondoo, Ng'ombe, Mapacha na kadhalika. Nyingine ni ya nyota, lakini naona makundi yamegeuzwa: mkia wa Nge umepindia upande usio wake. Vanishi ya zote mbili imekuwa ya kahawia, na kwenye ile ya Dunia karatasi imeinuka karibu na Ncha ya Kaskazini. Wenzangu wanasema zitawapotosha wanafunzi, tuzitupe. Fundi mmoja anataka kuzisugua, kuzipaka vanishi mpya na kuandika Tanzania. Je, bado zinafaa kufundishia?"

Mwalimu, hongera kwa kuzinusuru. Zinafaa sana, na baadhi ya kazi zinazifanya vizuri kuliko globu mpya ya plastiki utakayoikuta dukani. Tafadhali mzuie fundi kwanza, kisha tuelewane wenzako wamekosea wapi, maana hofu yao ina msingi ila wameielekeza mahali pasipo pake.

Kilichopitwa na wakati kwenye globu yako ni majina na mipaka. Umbo la mabara, latitudo na longitudo, mwinamo wa mhimili na njia ya Jua (duara ambalo Jua huonekana kulipita kati ya nyota kwa mwaka mzima) ni vilevile. Kwa hiyo usiitumie kumfundisha mwanafunzi nchi za leo. Kwa hilo atlasi mpya inatosha. Itumie kufundisha Dunia inavyozunguka, saa zinavyotofautiana, na kwa nini mchana wa London hurefuka na kufupika kiasi kile wakati wetu haubadiliki sana.

Hata hayo majina ya zamani ni somo. Wape wanafunzi kazi ya kutafuta umri wa globu. Jina Tanganyika lilianza kutumika rasmi mwaka 1920, na Muungano ulikuja tarehe 26 Aprili 1964, hivyo mmeshapata mipaka miwili. Halafu watazame Afrika Magharibi: je, imeandikwa Gold Coast au Ghana? Ghana ni kuanzia Machi 1957. Kongo ikiwa bado ni ya Ubelgiji, ramani imechorwa kabla ya Juni 1960. Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland likionekana, ni kati ya 1953 na 1963. Uturuki iwe na Istanbul au Constantinople, Iran iwe Iran au Persia (jina lilibadilishwa kimataifa mwaka 1935), India iwe moja au imegawanyika (1947). Kwa dondoo tano au sita wataibana miaka hadi ibaki miwili au mitatu. Waambie pia kwamba watengenezaji waliuza karatasi zilizokwisha kuchapwa kwa muda baada ya mabadiliko, kwa hiyo mwaka wa ramani na mwaka wa kuuzwa huweza kupishana kidogo. Wakimaliza mipaka, wageukie maji. Globu ya miaka ya 1950 itaonyesha Ziwa Chadi na Bahari ya Aral zikiwa kubwa kuliko zilivyo leo, na haitakuwa na Ziwa Volta wala Ziwa Nasser. Hapo umeshaingia kwenye mada ya mazingira bila kubadilisha kifaa.

Kabla ya kwenda mbele, pimeni skeli. Tufe la sentimita 30 ni Dunia iliyopunguzwa mara milioni 42.5, kwa hiyo sentimita 1 ni kama kilomita 425 na digrii moja kwenye ikweta ni milimita 2.6. Moshi hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni sentimita 1 hivi tu. Mlima Kilimanjaro, kwa mita zake 5,895, ungekuwa na kimo cha milimita 0.14. Hiyo inazidi kidogo tu unene wa karatasi ya fotokopi, na ndiyo maana globu zenye milima iliyotuna zinadanganya kuhusu kimo. Mwezi kwa skeli hiyohiyo una kipenyo cha sentimita 8, na unakaa mita 9 kutoka kwenye globu. Weka globu kwenye meza yako mbele, mpe mwanafunzi wa nyuma kabisa ashike chungwa kubwa. Jua lingekuwa na kipenyo cha karibu mita 33, na lingekuwa umbali wa kilomita 3.5.

Sasa tuje kwenye ile pete na lile duara la mbao, kwa sababu hapo ndipo thamani ya globu yako ilipo. Globu nyingi za siku hizi zimefungwa kwenye mkono uliopinda, mhimili umeinama digrii 23.5 na haubadiliki. Mwanafunzi akiiona hivyo kila siku anaamini kwamba huo ndio mkao wa Dunia "kwa kweli", hata kwa mtu aliyesimama Moshi. Sivyo. Digrii hizo 23.5 (kwa usahihi zaidi 23.4) ni mwinamo wa mhimili kulinganisha na njia ya Dunia kulizunguka Jua. Kwa mtu aliyesimama uwanjani kwenu, mhimili una mkao mwingine kabisa: umelala karibu sambamba na ardhi. Moshi iko latitudo 3°21′ kusini, kwa hiyo upande wa kusini wa mhimili unanyanyuka juu ya upeo wa macho (pale anga linapoonekana kukutana na ardhi) kwa digrii 3 na theluthi tu, na upande wa kaskazini unazama chini ya upeo kwa kiasi hichohicho. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko karibu kaskazini kabisa ya Moshi mjini. Asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda, waambie wanafunzi wanyooshe mkono kuelekea mlimani, kisha waushushe kidogo chini ya upeo: huko ndiko mhimili wa Dunia unakoelekea.

Pete ya shaba imewekwa ili uweze kupanga mkao huo. Lile duara la mbao ni upeo wa macho, na zile alama za Kondoo na Ng'ombe si za kupiga ramli. Ni vipande 12 vya njia ya Jua, kila kimoja digrii 30, na miezi iliyoandikwa kando inakuonyesha Jua liko wapi kwenye njia hiyo kwa tarehe yoyote. Fanya hivi. Telezesha pete polepole mpaka Ncha ya Kusini iwe juu ya duara la mbao kwa digrii 3 na theluthi. Kwenye tufe la sentimita 30, kitovu cha Ncha ya Kusini kinatakiwa kuwa juu kuliko cha Ncha ya Kaskazini kwa milimita 17 au 18; pima kwa rula kutoka mezani. Ukizungusha tufe sasa, Moshi itapita juu kabisa, chini ya pete. Kwa tarehe 21 Juni Jua liko kwenye Tropiki ya Kansa, digrii 23.4 kaskazini. Hesabu ni digrii ngapi za mstari huo zilizo juu ya duara la mbao: utapata karibu 177. Gawanya kwa 15, kwa sababu Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, na jibu ni saa 11 na dakika 48. Kisha nyanyua Ncha ya Kaskazini mpaka digrii 51.5, latitudo ya London, uhesabu tena: karibu digrii 246, zaidi ya saa 16.

Mwanafunzi makini atakuuliza mbona mchana wa Juni hapa ni saa 11 na dakika 55, si 48. Ameuliza vizuri. Globu inahesabu kitovu cha Jua kikiwa kwenye upeo wenyewe. Sisi tunasema Jua limechomoza ukingo wake wa juu unapoonekana, na hewa inaupinda mwanga kiasi kwamba tunaliona Jua kabla halijafika kwenye upeo. Hayo mawili yanaongeza dakika 6 au 7 kwa siku. Desemba hali hugeuka, mchana wetu hufika saa 12 na dakika 18 hivi. Tofauti ya mwaka mzima kwa Moshi ni kama dakika 23 tu.

Zoezi la kulifanya juani linahitaji globu nyingine. Usiitoe ile kuukuu kwenye jua la saa sita. Joto linatanua tufe, mbao na shaba kwa viwango tofauti mpaka plasta inapasuka, na mwanga unafifisha rangi. Nunua globu ya kawaida ya plastiki, itoe kwenye stendi yake, uiweke juu ya ngata ya kitenge uwanjani. Moshi iwe juu kabisa, mhimili ulale kaskazini-kusini. Kupata kaskazini halisi, simika kijiti wima, chora duara kukizunguka, uweke alama asubuhi ncha ya kivuli inapogusa duara, na tena alasiri inapoligusa kwa mara ya pili. Mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki-magharibi. Mstari unaoukata kwa pembe mraba ni kaskazini-kusini. Globu ikikaa hivyo, inakuwa sambamba na Dunia yenyewe, na Jua linaiangaza kama linavyoiangaza Dunia kwa dakika hiyohiyo. Upande wenye kivuli ndiko kuliko usiku. Nchi zilizo kwenye mpaka wa mwanga na kivuli, huko Jua linachomoza au linatua wakati mnatazama.

Kata kipande kidogo cha kadibodi, simamisha juu yake njiti ya kiberiti yenye urefu wa sentimita 1, ukisogeze juu ya tufe mpaka kivuli chake kipotee. Hapo ndipo Jua lilipo utosini. Kwenye tufe la sentimita 30, tarehe 21 Juni adhuhuri mtalikuta sentimita 7 kaskazini mwa Moshi, juu ya Bahari ya Shamu. Tarehe 21 Desemba ni sentimita 5 na kidogo kusini, kwenye Mlango wa Msumbiji. Tarehe 11 au 12 Machi, na tena 1 au 2 Oktoba, ni Moshi yenyewe. Angalieni saa pia. Adhuhuri ya Jua hapa haiji saa 6 kamili mchana. Wastani wake ni saa 6 na dakika 31. Saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo 45 mashariki, nasi tuko 37°20′, na kila digrii ni dakika 4. Juu ya wastani huo Jua lenyewe huchelewa au huwahi: tarehe 12 Machi litafika saa 6:41 hivi, tarehe 1 Oktoba saa 6:20. Globu yako ya zamani ikiwa na umbo kama la namba 8 katikati ya Pasifiki, umbo hilo ndilo jedwali la kuchelewa na kuwahi huko, pamoja na latitudo ya Jua kwa kila tarehe.

Kuna kosa moja ambalo mwalimu wa Moshi lazima alitazamie, kwa sababu mazingira yetu yanalitia nguvu. Wanafunzi wengi wanadhani joto hutokana na Dunia kulikaribia Jua. Ni kweli kwamba tunalikaribia zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na tunakuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Na Moshi Januari ni joto, Julai ni baridi! Kwa hiyo mtoto wetu anaona ushahidi wa nadharia isiyo sahihi nje ya dirisha. Usimkatalie kwa maneno. Muulize mbona Ulaya iko kwenye theluji Januari hiyohiyo, nayo iko kwenye Dunia hiihii, umbali uleule. Kisha weka balbu isiyo na kifuniko katikati ya chumba, kimo sawa na kitovu cha tufe, na uchukue globu ya plastiki ikiwa kwenye stendi yake. Mwinamo wa digrii 23.5 umewekewa kazi hii. Anza upande wa kusini wa chumba, Ncha ya Kaskazini ikiinamia upande wa mlimani: imeelekea taa, ni Juni. Peleka mashariki, Septemba, kaskazini, Desemba, na sasa ncha ileile imeipa taa kisogo, magharibi, Machi. Sharti ni kwamba ncha iendelee kuelekea mlimani katika vituo vyote vinne. Zoezi huharibika hapo: anayebeba globu anageuka na mwili wake na mhimili unageuka naye, darasa zima linaondoka likidhani mhimili unayumba mwaka mzima.

Globu ya nyota haijakosewa, Mwalimu. Imechorwa kama anga linavyoonekana kutoka nje, nasi tumo ndani. Ndiyo maana kushoto na kulia vimebadilishana. Julai usiku mapema, tazameni kusini: mkia wa Nge unashuka kisha unapindia kushoto. Kwenye globu, kaskazini ikiwa juu, unapindia kulia. Piga picha kwa simu, uigeuze picha kushoto-kulia, na kundi litalingana na anga. Usijali kwamba globu ni ya miaka mingi. Mhimili wa Dunia unahama polepole, digrii 1 kwa miaka 72, ambayo kwenye tufe lako ni milimita 2.6. Mtakachokikosa ni sayari. Mkiona Zuhura au Mushtarii ikiwaka mahali ambapo globu haina nyota, si kosa la globu. Sayari huhama, haziwezi kuchapwa.

Ipange globu ya nyota kwa digrii 3 na theluthi kama ile ya Dunia, na wanafunzi watagundua bahati yetu: kutoka Moshi karibu anga lote huonekana kwa mwaka. Katikati ya Mei, saa 3 usiku, Msalaba wa Kusini uko digrii 30 juu ya upeo upande wa kusini, na Dubu Mkubwa yuko upande wa mlimani. Nyota ya Kaskazini ndiyo hatuioni, iko chini ya upeo. Tafuteni pia Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizosongamana. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Fuateni njia ya Jua kwenye globu: karibu tarehe 20 Mei Jua linapita jirani na Kilimia, ndiyo maana hupotea machoni katika wiki hizo na kurudi alfajiri mwezi Juni.

Sasa yule fundi. Tufe la namna hii kwa kawaida ni ganda la karatasi zilizogandishwa, mara nyingi likiwa na plasta juu yake, kisha vipande 12 vya karatasi iliyochapwa, vipana kwenye ikweta na vilivyochongoka kwenye ncha, na mwisho vanishi. Tazama kwa lenzi utaona mishono kila digrii 30. Vanishi ikiwa ya kahawia ni kwa sababu imezeeka, na rangi iko chini yake moja kwa moja. Msasa au spiriti ikiondoa vanishi itaondoka na wino. Maji ni mabaya zaidi: karatasi hutanuka, gundi hulegea, na kipande kilichokatwa kulingana na tufe hakirudi tena kwenye nafasi yake, kinabaki na mikunjo. Vanishi ya madukani ya mbao nayo haitoki tena, hata akija mtaalamu baadaye. Na kuandika Tanzania juu yake kutawanyima wanafunzi lile zoezi la tarehe.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kidogo, na kinatosha. Futa vumbi kwa brashi laini na kavu, kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza. Pale Ncha ya Kaskazini karatasi imeinuka kwa sababu ndipo vipande vyote vinakutana na ndipo mhimili unaposuguana. Usibandike kwa selotepu wala gundi ya haraka. Kipande kikidondoka, kitie kwenye bahasha na uandike kimetoka wapi. Zungusheni tufe kwa kiganja kisafi na kikavu, polepole, si kwa kucha. Hakikisha pete haigusi karatasi popote. Ikigusa, itakwangua mstari kuzunguka tufe zima. Hifadhi kabatini, ukuta wa ndani, mbali na dirisha na si juu karibu na mabati, ukifunika kwa shuka ya pamba. Usitumie mfuko wa nailoni, kwani wakati wa masika unyevu hubaki ndani na ukungu huota.

Ushauri wangu basi: globu ya plastiki kwa jua, kwa taa na kwa majina ya leo, hizi mbili kwa pete, upeo na nyota, wanafunzi wasizidi sita kwa mara moja. Ziandikwe kwenye leja ya mali za shule, na mtu akija na ofa ya kuzinunua, asipewe jibu kabla hazijatambuliwa.

Kuna hali ambazo hazifai kushughulikiwa shuleni. Mkiona unga laini wa mbao chini ya stendi, wadudu wako kazini. Itenge na nyingine na usipulize dawa juu ya karatasi. Mkisikia kitu kinabingirika ndani ya tufe, huenda ni vipande vya risasi (ile metali nzito) vilivyowekwa kusawazisha uzito. Risasi ni sumu, kwa hiyo msilifungue. Ufa unaorefuka, ukungu, au karatasi inayoendelea kubanduka ni vivyo hivyo. Na kwenye globu ya Dunia soma kisanduku cha jina la mtengenezaji, kwa kawaida kiko baharini: ukikuta mwaka wa kabla ya 1900, au Tanganyika ikionekana imebandikwa juu ya jina la enzi ya Wajerumani, acha kuitumia darasani kabisa. Katika hali hizo piga picha nne za pande zote, moja ya kila ncha na moja ya kisanduku hicho, uzipeleke Makumbusho ya Taifa. Tawi lao la karibu nawe liko Arusha, kwenye Boma la Wajerumani. Waombe wakuelekeze kwa mhifadhi wa karatasi kabla mtu mwingine hajaishika.